Gari la Kaka na Mvua ya Agosti

Agosti si mwezi wa kuleta mtaani kwetu Munyaka, Eldoret, gari lenye paa la kitambaa. Mvua ya kaunti yetu ya Uasin Gishu ina ratiba yake. Asubuhi jua linachoma kweli kweli, maana tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mawingu yanajikusanya. Ikigonga saa kumi, barabara za ndani ya mtaa zote ni tope jekundu na watu wanatembea viatu mkononi. Kaka yetu mkubwa anayajua haya, kazaliwa hapa na kukulia hapa. Lakini gari alilokuwa akilitafuta lilipatikana Agosti 2024, mwezi ule ule Eldoret ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji, naye hakuweza kungoja kiangazi cha Desemba.

Lilikuwa Mazda ya viti viwili, jekundu, paa lake jeusi la kitambaa likikunjwa kwa mkono na kulala nyuma ya viti. Wajapani wanaliita Roadster, kwingine ni MX-5. Aliyemuuzia alikuwa mtu wa Nyali, Mombasa, ambaye alikuwa ameliegesha muda mrefu uani kwake chini ya mivinje. Kaka alikuwa na hesabu yake: maharusi wa siku hizi wanataka gari la kufunguka juu, na magari ya namna hiyo mjini kwetu ni ya kutafuta kwa tochi. Angelikodisha kila Jumamosi, na gari lingejilipa.

Wifi hakuikubali hesabu hiyo. Pesa zilizonunua gari zilikuwa za kumalizia vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba, na kuta zake zilikuwa zimefika kwenye linta. Hakupiga kelele. Alimwambia kaka mbele yetu sote, "Baba watoto, hizo kuta zikinyeshewa mwaka mwingine, utanijibu wewe." Kaka akamsomea kwenye simu kwamba gari hilo lilizinduliwa Chicago mwaka 1989, na kwamba kufikia mwaka 2016 yalikuwa yametengenezwa milioni moja. Wifi akamuuliza kati ya hayo milioni mangapi yako Munyaka.

Baba naye alikuwa na lake. Aliendesha Peugeot 504 za abiria kati ya Eldoret na Nairobi miaka mingi, na hadi leo atakukumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena mwaka 1978. Gari la viti viwili kwake halikuwa gari. Alilainika tu siku kaka alipomweleza kwamba Peugeot ndio waliotoa gari la kwanza lenye paa la kujikunja kwa umeme, 401 Eclipse ya mwaka 1934, na kwamba ubunifu huo ulikuwa wa daktari wa meno Mfaransa aliyeitwa Georges Paulin. Baba aliuliza swali moja tu: paa la huyo daktari lilikuwa la nini? Kaka akasema la chuma. Baba akatikisa kichwa, akasema kama ni hivyo daktari alijua alichokuwa akifanya, na kwamba kitambaa kina mambo yake.

Mteja wa kwanza alikuwa wa nyumbani. Binamu yetu, mtoto wa mjomba, alikuwa akioa Jumamosi, na kaka alimwahidi gari hilo kama zawadi. Alhamisi likawa bado na matope ya safari yote kutoka Mombasa. Kaka akalipeleka karwoshi.

Vijana wa karwoshi ile ni wachapa kazi, siwezi kuwasema vibaya. Matatu na malori yanayotoka Iten na mashambani hufika kwao yamevaa udongo, na wao huyarudisha yaking'aa. Ila gari la paa la kitambaa hawakuwa wameliosha. Walilipiga povu la sabuni ya unga kuanzia juu hadi chini, kisha wakaileta presha karibu kabisa na paa, pale kitambaa kinapokutana na kioo cha nyuma, kwa sababu ndipo matope yalipokuwa yameganda. Mashine ya presha hailijui paa. Inasukuma maji mpaka yanapita mipira ya milango, yanachimba kwenye mshono, yanachambua nyuzi. Mpira ule uliwekwa kuzuia mvua inayoanguka kutoka juu. Haukuwekwa kuzuia maji yanayorushwa kwa nguvu kutoka ubavuni. Halafu, gari likiwa bado linachuruzika, kaka akafungua vibanio, akalikunja paa nyuma ya viti, akapanda Barabara ya Iten hadi nyumbani kichwa nje, watu wakimpungia mkono.

Kwa hiyo ndani ya saa moja paa lilikuwa limepata yote matatu yanayoliua: sabuni kali, presha, na kukunjwa likiwa na maji. Mvua ya miaka isingelifanyia hivyo. Kitambaa hiki huwa na tabaka tatu: juu uzi wa akriliki uliosukwa, katikati utando wa mpira, chini kitambaa laini unachokiona ukiwa umekaa ndani. Kimetengenezwa kunyeshewa. Hakikutengenezwa kufungiwa na maji mahali pasipopita hewa, kwa sababu hapo ukungu unaanza na mikunjo inakaa alama zisizotoka.

Ijumaa asubuhi kijana wa kaka, mwenye miaka tisa, alikuwa amekaa ndani ya gari akicheza na usukani. Akaniita. "Shangazi, kuna maji yanatembea humu." Nikadhani ni mchezo wake. Nilipoliinua zulia nyuma ya kiti cha abiria, sponji ya chini yake ilikuwa imejaa. Ukiibonyeza kwa kidole, maji yanapanda mpaka kwenye kucha. Harufu ilikuwa ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Na gauni la bi harusi, jeupe, lenye mkia, lingeingia humo siku ya pili yake.

Nyumba nzima ikatoka. Tulipolirudisha paa juu, likaonekana lina mabaka meupe ya sabuni na vidoa vidogo vya ukungu kwenye mkunjo. Kaka, ambaye jasho lilikuwa limeanza kumtoka, akasema tulete Jik na brashi ya kufulia. Hapo ndipo Mama alipoweka bakuli lake la mboga chini.

Mama alishona sare za shule kwa miaka mingi sokoni. Anajua nguo kwa ncha za vidole. Alilipapasa lile paa mbele mpaka nyuma, akageuza ukingo kuangalia uzi wa mshono, akasema, "Hii ni nguo. Na ni nguo nyeusi. Nani kakufundisha kutia Jik kwenye nguo nyeusi?" Alikuwa na haki zaidi ya alivyojua mwenyewe. Dawa ya kung'arisha nguo huondoa rangi, hudhoofisha uzi wa mshono, na uzi ukikatika paa linaanza kufunguka penyewe siku ya upepo. Brashi ya kufulia nayo hunyanyua nyuzi za juu mpaka kitambaa kinaota manyoya. Mama akaagiza maji safi ya tanki, yale ya mvua, akalisuuza paa polepole kwa kopo, ndoo baada ya ndoo, mpaka povu lilipoacha kutoka. Povu lilitoka muda mrefu ajabu. Sabuni ya unga haiondoki kwenye kitambaa kwa kusuuza mara moja.

Lakini maji ya ndani yalikuwa hayapungui. Tulichota kwa sponji, tukakandamiza taulo, yakarudi. Baba alikuwa amesimama kando muda wote, mikono nyuma. Zamani aliwahi kumwendeshea mtu 504 yenye kidirisha cha kuteleza juu, na anasema gari lile lilimfundisha kwamba panapofunguka juu lazima pawe na njia ya maji kushuka. Akaomba tochi. Akapiga magoti nyuma ya viti, umri ule, akamulika kwenye pembe pale paa linapolala, na kwenye pembe akapata kijitundu chenye kichujio cha plastiki. Upande wa pili, kijitundu kingine. Vyote viwili vilikuwa vimezibwa kabisa.

Tulichokitoa humo nilikiweka kwenye kiganja nikakiangalia. Vilikuwa vijani vya mvinje, vile vyembamba kama sindano, vimeshikana na mchanga mweupe wa pwani. Gari lilikuwa limekuja na Nyali yake mpaka Munyaka. Maji yote yanayoshuka juu ya paa hukusanywa kwenye mfereji wa nyuma, yakaingia kwenye matundu hayo mawili, yakapita kwenye mpira na kutokea chini ya gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Tundu likiziba, maji hufurika na kuingia sakafuni, na mengine hukaa ndani ya bati la ubavu, ambako kutu hula bila kuonekana mpaka siku fundi anapolinyanyua gari na jeki kupenya. Kaka alitaka kuzibua kwa waya wa henga. Baba akamzuia: waya unatoboa mpira au kuuchomoa, na ukichomoka huko ndani, maji yatashukia palepale. Jirani mwenye mashine ya kukata nyasi akatupa kipande cha ule uzi wake mnene wa plastiki. Baba akauingiza akiuzungusha taratibu, akausukuma, akauvuta. Kikasikika kitu kikiachia. Maji meusi yakamwagika chini ya gari kwa mkupuo, na kijana wa kaka, aliyekuwa amelala tumbo chini akingojea kuyaona, akashangilia.

Saa kumi na moja mvua ikaanza. Tulilisukuma gari chini ya kibanda cha mabati anachowekea Mama kuni, tukawafukuza kuku. Zulia tukalitoa lote na kulitundika barazani. Baridi ya usiku wa Agosti huku kwetu haikaushi kitu, na kaka, kwa kuhangaika, akapendekeza tuwashe jiko la makaa, tuliweke ndani ya gari na kufunga vioo, yeye akae hapo kuliangalia. Wifi, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno kuhusu gari, ndiye aliyekataa. Alisimama mlangoni mwa kibanda akasema jiko haliingii humo. Kila mwaka wakati wa baridi tunasikia watu waliolala na jiko wakafa kwa hewa ya sumu ya makaa, na gari dogo lililofungwa ni hatari kuliko chumba. Wifi akaleta taulo zote za nyumba, pamoja na zile za wageni, akazibandika sakafuni na kwenye viti akizibadilisha mpaka usiku wa manane. Milango ikaachwa wazi hewa ipite. Mimi nilimwangalia akikamua taulo ya mwisho, nikaelewa kwamba ugomvi wao haukuwahi kuwa juu ya gari lenyewe.

Jumamosi jua lilitoka mapema. Kufikia saa nne paa lilikuwa kavu juu na chini, Mama akalipapasa na kuruhusu likunjwe. Zulia lilikuwa bado bichi, likabaki kambani. Sakafu ikatandikwa leso mpya, viti vikatandikwa shuka nyeupe, na binamu yetu na bi harusi wake wakaenda kanisani paa likiwa wazi, wakapendeza. Walipokuwa wakitoka kupiga picha saa kumi, mvua ikaja. Kaka akalifunga paa upesi. Na paa, ambalo lilikuwa limeletwa Eldoret likimwaga maji kwa matone, sasa likayanywa. Sabuni ya unga ilikuwa imeondoa ile dawa ya kuzuia maji iliyopakwa kwenye kitambaa. Lilikuwa zito, jeusi zaidi, na kwenye mshono uliochambuliwa na presha tone likaanza kudondoka kwenye bega la bwana harusi. Alifika ukumbini upande mmoja wa koti umelowa. Hakulalamika, na wazee walisema mvua ni baraka, lakini kaka aliliona lile bega jioni yote.

Juma lililofuata mshono ulishonwa upya na fundi wa viti vya magari mjini, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alitupa pia somo la mwisho, la utunzaji. Tangu hapo gari hili halikanyagi karwoshi. Linaoshwa nyumbani, na anayesimamia ni Mama.

Huoshwa asubuhi, kivulini, bati likiwa baridi, kwa sababu juani sabuni hukauka kabla hujaisuuza. Kwanza paa hupigwa brashi laini likiwa kavu kuondoa vumbi. Nywele za paka huondolewa kwa utepe wa kunata. Kisha hulowanishwa kwa mpira wa kawaida wa bustani, maji yakishuka kutoka juu, kamwe yasirushwe kuelekea kwenye mipira na mishono. Sabuni ni ile laini ya kuoshea magari, kidogo tu kwenye ndoo, isiyo na nta, maana nta huziba kitambaa. Brashi ni ya manyoya laini, na mkono unakwenda polepole kwa eneo dogo dogo, bila kukazana na doa. Kinyesi cha kuku na ndege hakikwanguliwi. Hulowekwa kwa kitambaa chenye maji mpaka kiachie chenyewe. Paa huoshwa kabla ya bati, kwa kuwa maji yake machafu yatashukia huko. Halafu kusuuza, na hapa Mama hana haraka: hadi maji yanayodondoka ukingoni yawe hayana povu hata moja. Hufyonzwa kwa taulo kwa kubonyeza, si kwa kusugua, kisha gari linakaa na paa lake juu, limefungwa, mpaka likauke kabisa. Ukilifungua kabla ya hapo, Mama anakunyang'anya ufunguo.

Mipira ya milango hufutwa kwa kitambaa chenye maji, halafu hupakwa glisarini, hii hii ya duka la dawa tunayojipaka midomo ikipasuka kwa baridi. Fundi alituonya tusitumie mafuta ya mgando, kwa sababu yametokana na petroliamu na huvimbisha mpira. Kioo cha nyuma cha gari letu ni kioo cha kweli, basi hakina shida. Lakini Mazda hizi za mwanzo, na magari mengi ya zamani ya aina hii, yana dirisha la plastiki, na hilo ukilifuta vumbi likiwa kavu, au kwa gazeti kama tufanyavyo vioo vya nyumba, unalikwaruza na halirudi tena. Maji mengi, kitambaa safi cha pamba, basi.

Dawa ya kuzuia maji Wifi ndiye aliyeitafuta na kuiagiza Nairobi, kwa pesa zake. Hupuliziwa paa likiwa safi na kavu, siku isiyo na mvua, bati na vioo vikiwa vimefunikwa, na huachwa ikauke kama maelezo ya kopo yanavyosema. Kujua kama bado ipo ni rahisi: nyunyiza maji juu. Yakisimama kwa matone na kubingirika, ipo. Yakitawanyika na kitambaa kikaiva weusi, muda wa kupaka umefika. Na kila baada ya kuosha, Baba huchukua kikombe chake cha bati, akamimina maji polepole kwenye yale matundu mawili nyuma ya viti, kijana akichungulia chini kutangaza kwamba yametoka pande zote.

Gari limekwenda harusi nyingi tangu hapo. Kaka hukataa za Agosti na Aprili, hata mtu akipanda bei. Vyumba viwili vya nyuma vimeezekwa, na chumba cha kwanza kina mpangaji. Wifi bado hajapanda gari hilo kwa matembezi. Anasema siku yake ataichagua mwenyewe, na kaka amekoma kumharakisha.

Kwa vijana wa karwoshi wanaosoma hapa, ombi langu ni moja: gari la paa la kitambaa likija, zimeni presha, mwombeni mwenyewe ndoo na brashi laini, na msiogope kumwambia asilikunje likiwa na maji. Na wewe mwenye gari, usiliache mikononi mwao ukaenda kunywa chai. Simama hapo. Kisha ukifika nyumbani, kabla mvua ya jioni haijaanza, mimina kikombe kimoja cha maji nyuma ya viti na uinamishe kichwa chini ya gari uone kama yanatoka.